Uteuzi wa weji: Fimbo ifaayo pwani yaweza kumponza mchezaji wa Kesses

WEJI moja mpya ya kampuni yenye jina kubwa huuzwa kati ya dola 150 na 200 nchini Marekani, kabla ya kuongezwa gharama za usafiri na ushuru hadi ifike Kenya. Kwa mkulima wa Kesses, Kaunti ya Uasin Gishu, hiyo ni thamani ya magunia matano au zaidi ya mahindi. Mchezaji wa gofu anayeshauriwa kununua weji tatu kwa mpigo ana kila haki ya kuuliza fedha hizo zinanunua nini hasa.

Jibu hutegemea zaidi mahali anapochezea kuliko jina lililochongwa nyuma ya fimbo. Miongozo mingi inayosomwa na wanagofu wa humu nchini iliandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani, ambao wengi wao huchezea nyanda za chini, juu ya nyasi laini na udongo wa kichanga. Anayeufuata ushauri huo neno kwa neno katika nyanda za juu za Bonde la Ufa hujikuta na mkoba uliojaa fimbo nzuri ambazo haziafikiani na ardhi anayoikanyaga.

Kesses, iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka wa 1984, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Viwanja vinavyofikika kwa urahisi kutoka huko ni viwili: ule wa Eldoret Club, ambao mchezaji huuendea kwa kupitia Cheptiret na barabara kuu ya Nakuru, na ule wa Nandi Bears Club ulioko Nandi Hills, katikati ya mashamba ya majani chai, upande wa pili wa Lessos. Viwanja hivyo haviko mbali sana, lakini mvua na udongo wake havifanani, na tofauti hiyo ina uzito katika uteuzi wa fimbo kama itakavyoonekana.

Weji ni fimbo fupi za chuma ambazo uso wake umelazwa sana ili mpira upande juu na kutua kwa upole. Hutumika mchezaji anapobakisha takriban yadi 120 au pungufu kufika kwenye grini, anaponaswa katika nyasi ndefu kando ya grini, na anapoangukia shimo la mchanga, yaani bunka. Mchezaji wa kiwango cha kati, mwenye hendikapu kati ya 10 na 20 katika mfumo wa dunia ulioanza mwaka wa 2020, hukosa grini nyingi kuliko anazozifikia kwa idadi ya mikwaju iliyokusudiwa. Maana yake ni kwamba katika mashimo mengi kati ya yale 18, mkwaju unaoamua kama ataandika 4 au 6 kwenye kadi yake hupigwa kwa weji. Ajabu ni kwamba mchezaji huyohuyo huwa tayari kutumia mshahara wa mwezi kununua draiva, fimbo ambayo huitoa mkobani mara 14 au pungufu katika raundi nzima.

Fimbo hizi hazikuwa na umbo la sasa tangu mwanzo. Wachezaji wa zamani walijikwamua mchangani kwa fimbo zenye ukingo mwembamba zilizozama kama jembe. Mmarekani Gene Sarazen ndiye anayesifiwa kwa kuleta mageuzi. Aliongeza madini ya risasi chini ya fimbo yake hadi soli ikawa nene na yenye tumbo, ikawa inateleza mchangani badala ya kuchimba. Aliichukua fimbo hiyo hadi Uingereza mwaka wa 1932, akashinda taji la Open katika uwanja wa Prince's. Tumbo hilo la soli ndilo hadi leo linalowatatiza wanunuzi wengi.

PENGO KATI YA FIMBO

Ulalo wa uso wa fimbo hupimwa kwa nyuzi, au digrii kama wengi wanavyosema. Kadiri nyuzi zinavyozidi, ndivyo mpira unavyopanda juu na ndivyo unavyokwenda masafa mafupi. Weji ya kwanza ni ile inayouzwa pamoja na seti ya aironi na ambayo huandikwa herufi P. Hufuatiwa na ya pengo, yenye nyuzi 48 hadi 53, kisha ya mchanga yenye nyuzi 54 hadi 58, na mwisho ile ya kupandisha mpira wima, yenye nyuzi 58 hadi 64.

Tatizo la kwanza liko kwenye ile P. Katika miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kwa fimbo hiyo kuwa na nyuzi 48 hadi 50. Watengenezaji wamekuwa wakizipunguza nyuzi hizo mwaka baada ya mwaka ili mnunuzi aone mpira wake ukienda mbali na aamini kwamba fimbo mpya ina miujiza. Leo seti nyingi zinazolengwa kwa wachezaji wa kawaida zina P ya nyuzi 43 hadi 46, na zipo zilizoshuka hata zaidi. Kwa hakika fimbo iliyoandikwa P leo ni aironi namba 9 ya zamani iliyobadilishwa jina. Mbinu hiyo ya biashara haijavunja sheria yoyote, lakini imeacha shimo kubwa chini yake.

Chukua mfano wa mchezaji ambaye aironi yake namba 9 humpa yadi 131, P yake ya nyuzi 44 humpa yadi 118, na weji yake ya mchanga ya nyuzi 56 humpa yadi 85. Kati ya fimbo mbili za mwisho kuna pengo la yadi 33. Mpira ukilala yadi 100 kutoka kwenye shimo, hana fimbo. Italazimu aipige P kwa nusu nguvu au aikamue ile ya mchanga kupita uwezo wake, na yote mawili ni mambo ambayo wachezaji wa hendikapu yake hawayamudu kwa uhakika. Akiongeza weji moja ya nyuzi 50, itakayompa kama yadi 102, shida hiyo imekwisha.

Kanuni inayokubalika ni kuacha nyuzi 4 hadi 6 kati ya weji moja na nyingine. Kwa hivyo mchezaji hapaswi kwenda dukani akiuliza weji gani ni nzuri. Atangulie kujua nyuzi za P aliyonayo, kwani ndizo zitakazoamua zile zitakazofuata. Mwenye P ya nyuzi 44 au 45 anafaa kutafuta 50 na 56. Mwenye seti kuukuu yenye P ya nyuzi 48 anaweza kuongeza moja tu ya nyuzi 54, akatulia kwa miaka kadhaa. Kipimo hicho huchapishwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kwa seti ya zamani, fundi mwenye mashine ya kupimia pembe humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Wapo pia ambao seti yao ilikuja na weji ya pengo bila wao kujua, imeandikwa A, G au U, na imekaa mkobani ikidhaniwa kuwa ya ziada.

Aidha, kuna hesabu ya mkoba. Tangu mwaka wa 1938 nchini Marekani na mwaka uliofuata Uingereza, sheria huruhusu fimbo zisizozidi 14. Kila weji inayoingia humtoa mwenzake nje. Kwa mchezaji wa kati anayebeba aironi namba 3 au 4 ambayo huipiga sawasawa mara moja katika mwezi, uamuzi huo haupaswi kumnyima usingizi.

HEWA YA WANARIADHA

Hewa nyembamba inayowavutia wakimbiaji wa mbio ndefu kufanyia mazoezi Uasin Gishu ndiyo pia inayouvuruga mchezo wa gofu wa mgeni. Katika mwinuko wa mita 2,100, uzito wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Mpira haupati upinzani mkubwa, hivyo mkwaju mrefu wa draiva huweza kuongezeka kwa asilimia 8 hadi 10. Kwa weji nyongeza huwa ndogo zaidi kwa sababu mpira huondoka kwa kasi ya chini na haukai sana angani, lakini yadi 5 za ziada katika mkwaju wa yadi 100 zinatosha kuuvusha mpira hadi nyuma ya grini.

Jambo lisilosemwa sana ni umbo la safari ya mpira. Mpira unaozunguka kinyumenyume hubebwa na hewa, na hewa ikiwa nyembamba ubebaji hupungua. Mpira husafiri chini kidogo kuliko ambavyo ungesafiri pwani, na huteremka kwa pembe iliyolala. Mpira unaotua hivyo hausimami upesi. Basi mchezaji wa Eldoret aonaye mipira yake ikitua katikati ya grini na kutoroka kwa nyuma asijilaumu kwa kukosa ustadi peke yake.

Kutokana na hilo mtu angeweza kukata shauri kwamba mchezaji wa nyanda za juu anahitaji weji yenye nyuzi nyingi iwezekanavyo, 60 au hata 64, ili aurejeshe mpira kwenye kimo chake. Hoja hiyo ina mantiki ya angani, lakini huanguka mara tu inapofika kwenye nyasi.

NYASI YENYE MKONO

Nyasi ya kikuyu ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ilisafirishwa hadi Afrika Kusini, Australia na California, na leo wachezaji bora zaidi duniani hukutana nayo katika uwanja wa Riviera mjini Los Angeles, ambako watangazaji wa runinga huizungumzia kana kwamba ni mnyama wa porini. Kwa mchezaji wa Kesses, hiyo ni nyasi ya kando ya barabara na ya malisho ya ng'ombe.

Nyasi hii hutambaa kwa mashina manene, mengine juu ya udongo na mengine chini yake, na kusuka mkeka mzito wenye majani magumu. Ikikatwa fupi katikati ya uwanja, huuinua mpira na kuuweka kama juu ya brashi, na hapo hata anayejifunza huweza kupiga vizuri. Ikiachwa irefuke kando ya grini, tabia hubadilika. Mashina yake hushika shingo ya fimbo na kuipindua kabla haijaufikia mpira, hivyo mpira huelekea kushoto kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, tena ukiwa umepoteza nusu ya safari yake.

Ule mkwaju unaosifiwa sana na walimu wa Uskoti, wa kuubingirisha mpira chini chini hadi uingie kwenye grini, hauna maisha marefu hapa. Mpira ukiangukia kwenye kikuyu iliyo nje ya grini husimama papo hapo, kama uliodakwa kwa mkono. Lazima urushwe hadi utue kwenye grini yenyewe. Ndiyo maana weji ni chombo cha lazima katika viwanja hivi kuliko katika vile vya pwani ya Uskoti vilikozaliwa kanuni nyingi za mchezo.

Lakini weji ya aina gani? Hapa ndipo ile ya nyuzi 60 inapomponza mwenyewe. Mpira ulioning'inia juu ya mkeka wa kikuyu una nafasi tupu chini yake. Fimbo yenye uso uliolala sana hupita chini ya mpira kama mwiko chini ya chapati. Mpira hupanda wima na kuangukia palepale, wakati mwingine miguuni pa mpigaji. Wachezaji wa kulipwa huuepuka mtego huo kwa sababu hupiga mamia ya mikwaju ya aina hiyo kila wiki. Mtu mwenye kazi ya kufundisha, kulima au kuendesha duka, anayecheza Jumamosi na labda Jumatano jioni, hana mazoezi hayo. Kwake yeye nyuzi 56 zinatosha, na anapohitaji kimo zaidi anaweza kuufungua uso wa fimbo kidogo. Kidogo, kwa sababu kadiri uso unavyofunguliwa ndivyo shingo ya fimbo inavyotangulia, na kikuyu haina simile kwa shingo iliyotangulia. Anayesisitiza kuwa na weji ya nne achague nyuzi 58, na akubali kwamba katika miezi sita ya kwanza itampotezea mikwaju kabla haijamwokolea hata mmoja.

TUMBO LA SOLI

Ukiiweka weji wima sakafuni, utaona kwamba ukingo wake wa mbele hauligusi sakafu. Kinachogusa ni tumbo la soli lililo nyuma yake. Pembe kati ya ukingo huo na tumbo ndiyo iitwayo baunsi, na hupimwa kwa nyuzi pia. Nyuzi 4 hadi 6 ni baunsi ndogo, 7 hadi 10 ni ya wastani, na kuanzia 11 kwenda juu ni kubwa. Kwa kawaida huandikwa kwenye soli au nyuma ya kichwa, kando ya nyuzi za uso: 56 na 12, kwa mfano. Wanunuzi wengi huisoma namba ya kwanza na kuipuuza ya pili, ilhali ya pili ndiyo yenye kuamua kama fimbo itapita ardhini au itakwama.

Baunsi kubwa huizuia fimbo isizame. Katika udongo uliolainika kwa mvua, katika mchanga mwingi na mlaini, na katika nyasi nzito, soli yenye tumbo huteleza na kuibuka. Baunsi ndogo hufaa ardhi kavu na ngumu, kwani hapo tumbo kubwa lingedunda juu ya udongo na ukingo ukaupiga mpira kiunoni, ukaruka kama risasi hadi upande wa pili wa grini.

Mchezaji wa Uasin Gishu huishi katika hali zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Mvua huanza mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba bila mapumziko ya maana. Kisha hufuata miezi ya kiangazi, ambapo kufikia Januari na Februari udongo wa uwanjani hukauka, nyasi hunyauka, na mpira hulala juu ya ardhi iliyo uchi. Nandi Hills, kwa upande wake, hupata mvua za alasiri karibu mwaka mzima, jambo linalowafurahisha wakulima wa chai na kuifanya ardhi ya huko iendelee kuwa laini wakati ile ya Eldoret imekwisha kuwa ngumu.

Hakuna baunsi moja inayotosheleza yote hayo, na muuzaji anayedai kwamba ipo anauza maneno. Lililo la busara ni kugawanya kazi. Weji ya nyuzi 56 iwe na baunsi ya 12 hadi 14, kwa ajili ya mchanga, kikuyu ndefu na miezi ya mvua. Ile ya nyuzi 50 iwe na baunsi ya 8 au pungufu kidogo, na mwezi wa Februari, mpira unapolala juu ya udongo mgumu kando ya grini, mchezaji aichukue hiyo ya 50 badala ya 56. Mpira hautapanda sana, lakini utaguswa sawasawa. Mchezaji ambaye raundi zake nyingi huchezwa Nandi Hills anaweza kuongeza baunsi katika zote mbili bila hofu.

Mwendo wa mpigaji nao una sauti katika jambo hili. Wapo wanaoteremsha fimbo kwa ukali na kung'oa kipande cha nyasi chenye unene wa kitabu. Hao huhitaji baunsi zaidi ya iliyotajwa. Wapo wanaofagia tu juu ya nyasi bila kuacha alama, nao huhitaji pungufu. Mchezaji asiyejua yuko kundi gani amuulize kedi aliyembebea mkoba kwa mwaka mzima. Kedi huyo ndiye anayerudisha vile vipande vya nyasi mahali pake, na anaujua unene wake kuliko mwenye kuving'oa.

FIMBO ZA MITUMBA

Wanagofu wengi wa humu nchini huanza na fimbo zilizokwisha kutumika, zikiwa zimeletwa kutoka Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, au zikirithiwa kutoka kwa mwanachama aliyenunua mpya. Kwa aironi na hata draiva, hakuna hasara kubwa. Kwa weji tahadhari inahitajika, kwa kuwa ndiyo fimbo inayochakaa upesi kuliko zote.

Uso wa weji umechorwa mifereji midogo. Kazi yake ni kuondoa maji na utomvu wa nyasi kati ya chuma na mpira, ili chuma kiushike mpira na kuuzungusha. Mchanga huilainisha mifereji hiyo raundi baada ya raundi. Ikishafutika, mpira huteleza juu ya uso wa fimbo, hasa asubuhi yenye umande, na kutua bila mzunguko wowote. Katika hewa ya Eldoret, ambako mpira tayari hauna hamu ya kusimama, hasara hiyo huwa maradufu.

Njia rahisi ya kukagua ni kupitisha ukucha kutoka juu kwenda chini ya uso wa fimbo. Ukucha ukikwama katika kila mfereji, bado fimbo ina maisha. Ukiteleza sehemu ya katikati huku ukikwama pembeni, mwenye fimbo ya kwanza alikwisha kuitumia sehemu iliyo na thamani. Ngao inayong'aa katikati ya uso, yenye ukubwa wa sarafu, husimulia habari hiyohiyo. Itazamwe pia soli: ikiwa imelika sana upande mmoja, baunsi iliyoandikwa si iliyopo.

Mnunuzi wa fimbo za zamani hana budi kufahamu kisa cha mifereji. Bodi zinazosimamia sheria za gofu duniani, R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani, zilipunguza ukubwa wa mifereji na ukali wa kingo zake, na sheria hiyo ikaanza kutekelezwa katika mashindano ya kiwango cha juu mwaka wa 2010. Mapema mwaka huohuo Phil Mickelson alizua mzozo kwa kutumia weji ya Ping Eye 2 iliyotengenezwa kabla ya Aprili 1990, ambayo ilikuwa imekingwa na makubaliano ya zamani kati ya kampuni hiyo na USGA. Hakuvunja sheria, ingawa mchezaji mwenzake alimshutumu hadharani. Mchezaji wa kawaida hakulazimishwa kutupa fimbo zake za kabla ya 2010, lakini anayewania kushiriki mashindano makubwa anapaswa kusoma masharti ya shindano kabla hajailipia fimbo ya zamani kwa sababu tu mifereji yake ni mikali.

Zipo pia fimbo bandia. Dalili zake ni rangi ya herufi inayobanduka, uzito usiolingana na wa fimbo halisi iliyowekwa kando yake, na bei ambayo hata mwizi angeiona ndogo. Weji bandia hudhuru zaidi kwa sababu nyuzi zilizoandikwa huwa hazijapimwa na yeyote, na hesabu yote ya mapengo iliyoelezwa hapo juu hupotea.

Kuhusu mpini, maneno machache yanatosha. Weji ziwe na mpini unaokaribiana kwa uzito na ule wa aironi za mchezaji. Aliyezoea mipini myepesi ya grafaiti kisha akanunua weji zenye mipini mizito ya chuma hubadilisha mwendo wa mikono bila kujua. Jina la kampuni linaweza kuwekwa mwisho kabisa katika orodha ya mambo ya kuzingatia, kwani kati ya watengenezaji wakubwa tofauti ya ubora ni ndogo kuliko tofauti ya baunsi 6 na 12.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Mchezaji akishapata weji zake, au akiazima za mwenzake kwa majaribio, apige mipira 10 kwa kila fimbo kwa nguvu ya kawaida. Aondoe miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili iliyopungukiwa, kisha apate wastani wa sita iliyobaki. Vipimo vichukuliwe mpira unapotua, si unapokoma kubingirika, kwani mwezi wa Februari mpira hubingirika kupita kiasi na kumdanganya mwenyewe. Vilevile asipime saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Julai, wakati baridi inaufanya mpira uwe mgumu na mvivu, halafu akavitegemea vipimo hivyo katika shindano la saa nane mchana.

Akialikwa kucheza Mombasa, au Nyali, au Vipingo, ajiandae kuona namba zake zikipungua. Fimbo aliyoizoea kwa yadi 102 itampungukia, mpira utapanda juu zaidi na kusimama upesi zaidi, na draiva iliyompa majivuno nyumbani itamrudisha chini kwa yadi 20 au zaidi. Mgeni anayepanda kutoka pwani kuja Eldoret hukutana na kinyume chake, na mara nyingi hutumia siku nzima ya kwanza akiitafuta mipira yake nyuma ya grini.

Kwa asiye na fedha za kununua weji mbili pamoja, mpangilio ni huu: aanze na ile ya mchanga, nyuzi 56 yenye baunsi 12 au zaidi, hasa akinunua kabla ya mvua za Aprili. Aitumie msimu mzima wa mvua na miezi ya kiangazi inayofuata, akiandika nyuma ya kadi yake kila mara anapokosa fimbo ya masafa fulani. Kufikia Februari kadi hizo zitakuwa zimekwisha kumwonyesha kama ya pili inapaswa kuwa ya nyuzi 50, 51 au 52.